Lipu ya Alhamisi

Vioo vilikuwa kumi na kimoja. Nilivibandika kwa mkono wangu mwezi Novemba, kila kimoja upana wa vidole viwili, kimekingama juu ya ufa, ncha zake zimeshikwa kwa jasi. Ukuta ukisogea, kioo kinavunjika. Unaandika tarehe, unabandika kingine, na baada ya miezi michache unajua mlima unakwenda mwendo gani. Ni kazi ambayo mtoto wa darasa la tano angeiweza, mradi watu wamwachie vioo vyake.

Alhamisi ile niliposhuka Mtaa wa Chini kuvisoma, sikukuta kioo hata kimoja. Nilikuta kuta nyeupe, zimelowa, laini kama maziwa yaliyoganda.

Kila mwaka, siku tatu kabla ya sikukuu ya Bikira wa Ukutani, wanawake wa Roccasorda, mji wetu wa mlimani, huziba nyufa za nyumba zao. Wanachanganya chokaa na mchanga wa mtoni, wanatia maji ya baraka kidogo, wanapiga lipu kwa viganja. Jumapili Bikira akipita asione nyumba yenye jeraha. Mwaka 1751 nusu ya mji iliteremka bondeni pamoja na watu wake, ukabaki ukuta mmoja wenye picha yake, na tangu hapo sanamu yake hubebwa kila Aprili kushuka kuutembelea. Lipu hiyo nimeipiga mimi mwenyewe tangu nikiwa msichana. Ilinichukua stashahada ya upimaji na miaka kumi katika ofisi ya manispaa kuanza kujiuliza kwa nini tunaziba nyufa wakati huohuo theluji imemaliza kuyeyuka na mlima umejaa maji, kisha tunaapa kwamba mji haujasogea.

Nilikuwa nimewaonya. Wiki iliyotangulia nilipita mlango kwa mlango, nyumba kumi na nne, nikaomba jambo moja tu: pigeni lipu mnavyotaka, vioo viacheni. Wote waliitikia. Zelinda, mama yake mume wangu, aliitikia kuliko wote na akanipa na kahawa.

Nilimkuta kwenye baraza lake la mawe, pana kama uwanja, anaosha mikono. Alikuwa na miaka themanini na moja na chokaa ilimfika kwenye viwiko.

"Vioo vyangu viko wapi, mama?"

"Vipo, mwanangu. Unadhani mimi mwizi?" Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. "Nimekukusanyia vya mtaa mzima. Hesabu, hakipungui hata kimoja."

Alikuwa amevipanga vizuri juu ya kitambaa. Saba vilikuwa vimevunjika.

"Hivi saba vilivunjikia ukutani, au mmevivunja mkivibandua?"

"Vingine ukutani, vingine kisu."

"Vipi ni vipi?"

"Sasa hilo nitalijuaje? Kioo ni kioo." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Ulitaka Bikira apite aone nyumba zetu zimebandikwabandikwa kama magoti ya watoto?"

Majirani walicheka. Ningecheka nami, ila maji ya mahali pa kufulia yalikuwa yanatoka na rangi ya kahawa yenye maziwa tangu Jumanne. Mlango wa Zelinda, ambao mume wangu alikuwa ameuranda mara mbili tangu Krismasi, ulikuwa umekwama tena. Nyumba ya tatu, pipa la divai lilikuwa limejiviringisha kutoka kwenye kitako chake bila kuguswa na mtu. Na ilikuwapo ile sauti. Ukisimama jikoni kwa Zelinda na watu wakanyamaza, ulisikia chini ya sakafu kitu kinaburutwa, kama gunia la mawe juu ya mbao, kisha kinatulia. Zelinda alisema ni panya. Panya wa kilo ngapi, sikumuuliza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meya. Si mjinga meya yule. Aliisoma orodha yangu ya tarehe mpaka mwisho: vioo vitatu kufikia Februari, viwili zaidi Machi, sasa saba na hakuna ajuaye vingapi vilivunjwa na mlima. Akaniambia kwa sikukuu mji una watu mia nne, wengine wamerudi kutoka Ubelgiji na Ajentina, wamelala kwa shangazi zao, bendi imekwisha kufika. Angesaini amri ya kuhama Jumatatu asubuhi. Nikamwambia kwa nyumba Jumatatu haina neno, tatizo ni baraza. Anajua kama ninavyojua mimi kwamba Bikira akifika mbele ya nyumba ya Zelinda wabebaji wanamshusha, na mji mzima unasongamana pale na kupiga magoti huku msichana wa mikate akiwagawia wabebaji. Watu mia nne juu ya ukuta wa kuzuia udongo ambao tumbo lake limekwisha kutokeza nje. Akaniuliza kama naweza kuapa kwamba utaanguka Jumapili. Nikasema siwezi.

"Basi," akasema.

Jibu langu lilikuwa la kweli na nimelijutia tangu siku ile.

Msichana wa mikate mwaka huo alikuwa Nives, binti yangu, mwenye miaka tisa.

Ijumaa mchana tulikula ugali wa mahindi na jibini ya kondoo, na nikalisema mezani. Nives hatasimama barazani. Ottavio, mume wangu, akamtuma mtoto apelekee kuku makombo. Mtoto akatoka na kujibanza nyuma ya mlango. Viatu vyake niliviona chini ya ubao wa mlango.

"Mama amemshonea gauni tangu Krismasi," Ottavio akasema.

"Atalivaa kanisani."

"Na mimi? Unataka na mimi nisibebe?"

"Nataka."

Aliweka kijiko chini. Wabebaji ni kumi na sita, na kila mmoja ana nafasi yake chini ya miti ya machela, aliyoachiwa na baba yake. Ya Ottavio ni ya mbele kushoto. Baba yake aliishika miaka thelathini, na babu yake kabla ya hapo.

"Bega likiachwa limeachwa, Loreta. Siku hiyohiyo Ermete anamwita binamu yangu, na hata mjukuu wangu halipati tena. Niliache kwa sababu ya kopo la vioo?"

"Liache kwa sababu nakuambia mimi."

"Hata bomba la moshi uliniambia litaanguka."

"Lilianguka."

"Baada ya miaka minne, mke wangu."

Nyuma ya mlango viatu vilihama taratibu, na jioni Nives alikataa kula.

Ermete aliyetajwa na Ottavio ni mwashi, na ndiye mkuu wa wabebaji. Yeye hushika nyundo ndogo ya mti: akigonga mara moja wanainua, akigonga mara mbili wanashusha, na hakuna askofu wala meya awezaye kuwafanya wanyanyue mguu bila nyundo ile. Jumamosi nilimfuata. Alikuwa kwenye baa na wanaume wenzake na akanijibu mbele yao kwamba Bikira ameushika ukuta kwa zaidi ya miaka mia mbili, mimi nina gundi. Walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama naweza kumbandikia kioo mkewe ajue lini atapasuka.

Jumapili nilishuka Mtaa wa Chini mara jua lilipochomoza.

Lipu ilikuwa imepasuka. Lipu ya chokaa ikikauka vibaya hupasuka vipande vidogovidogo, kama wavu. Huu haukuwa wavu. Ulikuwa mstari mmoja. Ulianzia pembeni mwa nyumba ya Zelinda, ukapanda kidogo, ukaingia kwa jirani, ukakatiza chini ya dirisha lake, ukaendelea kwa wa tatu, wa nne, nyumba zote kumi na nne mpaka mahali pa kufulia, mweusi juu ya weupe. Vioo vyangu vilikuwa vimeniambia habari za sehemu kumi na moja. Wanawake hawa walikuwa wamenipakia mtaa mzima kuwa kioo kimoja.

Saa moja penseli yangu iliingia kwenye ufa wa Zelinda kwa kubana. Nilikwenda mpaka mwisho wa mtaa nikapima na kurudi. Saa mbili niliiweka palepale, ikaniponyoka, ikaanguka ndani. Nilisikia inagonga jiwe, kisha jiwe jingine chini zaidi, kisha sikusikia kitu.

Watu walikuwa wanapita kwenda misa. Walinipa habari za asubuhi. Walikuwa wameshika mikono ya watoto wao waliovaa viatu vipya, na wanatazama wanapokanyaga.

Ermete nilimkuta nyuma ya kanisa anavaa kashida yake ya buluu. Safari hii sikumwambia habari ya mlima.

"Lipu yako ya Ukutani imepasuka," nikamwambia.

Ukuta wenye picha, ule uliobaki mwaka 1751, haupakwi na wanawake. Huupaka yeye, kwa mwiko, na katika miaka ishirini haijawahi kuonekana alama hata ya unywele. Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. Akatoka hivyohivyo na kashida yake na nyundo mkononi.

Njiani alianza kusema chokaa ya wanawake ni dhaifu, wanatia maji mengi, amewaambia kila mwaka. Alisema hivyo kwenye nyumba ya kwanza na ya pili. Kwenye nyumba ya tano alinyamaza. Tulipofika kwenye Ukuta, mwishoni mwa mtaa, alisimama mbele ya kazi yake mwenyewe. Mstari ulikuwa umepita chini ya miguu ya picha, safi, kama uliochorwa kwa rula. Alikunja mkono wa shati akaingiza vidole, kisha kiganja, mpaka saa yake ikazuia.

"Kuna upepo," akasema.

"Upepo gani?"

"Unatoka ndani. Wa baridi."

Aliutoa mkono akaupangusa kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikamuuliza atamwambia nini padri.

"Simwambii kitu. Nyundo ninayo mimi. Wewe katoe watu wako."

Nilipanda nyumbani. Nilikuwa nimemfungia Nives chumbani na ufunguo nimeuacha kwa jirani, jambo ambalo nililiona la busara. Chumba kilikuwa wazi. Jirani akaniambia, bila haya, kwamba Zelinda alikuja na gauni mkononi, amemvalisha mtoto, amemchukua. Angemkataliaje bibi mjukuu wake siku ya Bikira? Kengele zilikuwa zimeanza kulia. Bikira alikuwa ametoka kanisani.

Kutoka uwanja wa juu kwenda Mtaa wa Chini kuna njia ya mteremko, kisha ngazi moja ya mawe, vidaraja arobaini. Nilivishuka nikiwa nimeinua sketi mkononi. Barazani nilimkuta Nives katika gauni jeupe na kikapu cha mikate ya anisi, Zelinda kwenye kiti chake, na vikongwe kumi na wawili wa mtaa wamejipanga nyuma yake na mitandio myeusi. Chini ya viatu vyao mawe ya baraza yalikuwa yameachana. Unaweza kusema ni kazi ya barafu ya kila mwaka. Wao walisema hivyo.

Nilimshika Nives mkono. Akaukaza.

"Mwache mtoto," mmoja wa vikongwe akasema. "Mama gani wewe, siku ya leo?"

Bendi ilikuwa inasikika juu, inakaribia. Kisha tukasikia nyundo. Mara mbili.

Wote tuliinua nyuso. Bikira alikuwa amesimama juu kabisa ya ngazi, anatazama kwetu, mahali ambapo hajawahi kushushwa tangu mji ulipojengwa upya. Bendi ilikufa ala moja baada ya nyingine, tarumbeta ya mwisho. Watu mia nne walirundikana nyuma yake.

"Kasimama nini pale?" akauliza kikongwe yule.

"Hashuki," nikasema.

Sasa jambo hili sikulifikiria mimi wala Ermete. Bikira hasimami bila wanawake wa Mtaa wa Chini kando yake. Ni sharti lao, na wanalionea wivu. Walitazamana. Wa kwanza akachukua fimbo yake, wa pili akamfuata, na wote kumi na wawili wakaanza kupanda, wananung'unika, wanashikana viwiko. Miezi mitano ya vioo na vitabu vya hesabu haikuwahi kumtoa hata mmoja wao mlangoni. Nives akalegeza mkono. Kikapu alikataa kukiacha, nikamwambia akibebe.

Zelinda hakuinuka.

"Nimemngoja hapa tangu nizaliwe," akasema. "Atashuka."

"Mama, nyumba inaondoka."

"Iondoke nami ndani."

"Ottavio atakuja kukuchukua."

"Ottavio habanduki begani pake. Nimemzaa mimi, namjua kuliko wewe."

Chini yetu gunia liliburutwa. Safari hii halikutulia. Nilikuwa na mkono wa mtoto katika mkono wangu na nikapanda. Nalisema kama lilivyo: nilimwacha pale, na sikugeuka kumtazama.

Juu, wabebaji walikuwa wamesimama kila mmoja na kiganja chake juu ya mti wa machela. Bikira akiwa amepumzishwa, kiganja lazima kibaki. Akikiondoa mtu, nafasi si yake tena. Nikamwendea Ottavio.

"Mama yako amekataa kutoka."

Akamtazama Ermete. Ermete akatazama pembeni. Wote kumi na watano wengine walikuwa wamesikia. Kiganja cha Ottavio kilibaki juu ya mti, na nikafikiri, anamjua kweli mwanawe yule mwanamke. Kisha akaondoa mkono. Mtu nyuma yake alitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama unavyomwita aliyesimama ukingoni mwa paa. Yeye alikuwa ameshaanza kushuka.

Hakukimbia. Tulimwona anavuka baraza, anainama mbele ya kiti. Zelinda alimpiga kofi. Halikusikika, lakini mkono tuliuona. Akamnyanyua akamtupa begani na kugeuka. Alikuwa katikati ya ngazi wakati mahali pa kufulia palipotoweka. Hakukuwa na kishindo. Paa liliinama upande mmoja, kama mtu anayekaa chini taratibu kwa sababu ya mgongo, likapotea, na vumbi likapanda mahali pake. Kisha la jirani yake. Kisha lililofuata, kwa mpangilio wa mstari ule. Kishindo kilikuja baadaye, kutoka chini sana, na tulikisikia kwa miguu kabla ya masikio. Tumbo la ukuta wa baraza lilifunguka na baraza likaondoka lote kwa pamoja, na kiti cha Zelinda bado kimesimama juu yake.

Ottavio hakugeuka mpaka alipofika juu. Lakini yeye alikuwa amembeba mama yake kama gunia, uso nyuma, kwa hiyo Zelinda ndiye aliyeona yote. Hakulia. Alikuwa ameshika mkanda wa mwanawe kwa mikono miwili, na kwenye kucha zake chokaa ya Alhamisi ilikuwa ingali nyeupe.

Ermete aligonga mara moja.

Mabega kumi na matano yaliingia chini ya miti. Machela ikainuka, ikayumba, ikainamia mbele kushoto, na Bikira akaelekea kule vumbi lilikokuwa. Binamu yake Ottavio alikuwa mbali nyuma, anasukuma watu. Nilimsukumia Nives kwa padri na nikaingia mimi. Mwanamke habebi, hilo hakuna asiyelijua. Lakini nalingana kimo na mume wangu na nilikuwa karibu, basi.

"Loreta, toka," akasema aliyekuwa nyuma yangu.

"Mwacheni," Ermete akasema. "Geuzeni."

Tuligeuza. Mzigo ulikuwa mzito kuliko nilivyowahi kukisia, na mti ulinikata juu ya shingo. Tulipanda na watu wakipanda mbele yetu, bila bendi, bila wimbo. Ilikuwa sauti ya viatu tu, na watoto waliopotezana na wazazi wanaulizwa majina yao. Mara mbili nilidhani nimehisi jiwe la njia likicheza chini yangu.

Tulifika uwanja wa juu, mbele ya kanisa, na tukasimama tukingoja nyundo tushushe. Haikugonga. Nilipindisha shingo kadiri nilivyoweza. Ermete alikuwa ameinama mbele yetu, anakwenda hatua kwa hatua, anafuata mstari mwembamba mweusi kati ya mawe ya uwanja, na watu walikuwa wameanza kumpisha.

"Ermete," mmoja akasema. "Tushushe?"

"Ngojeni," akasema.